Vita viliisha, usingizi haujarudi: Tiba ya macho kwa walioumia moyoni

KWA mfanyabiashara anayetoka Bunia, Goma, Juba au Busia, Nakivubo ni mahali pa kuhesabu fedha, si mahali pa kuhesabu majeraha. Anashuka kwenye basi alfajiri, anafuata ukingo wa mtaro mkubwa wa Nakivubo, anaingia Shauriyako kutafuta maharagwe, Owino kutafuta mivumba, au Kikuubo kutafuta sabuni na mafuta ya kupikia kwa bei ya jumla. Jioni mzigo umefungwa kamba. Hakuna anayemwuliza alilalaje.

Lakini mwalimu aliyezoea kusoma sura za watoto darasani hawezi kuacha kusoma sura za watu sokoni. Tairi la lori likipasuka, au polisi wakirusha mabomu ya machozi upande wa stendi ya teksi, wengi hugeuka, hucheka, kisha huendelea kupatana bei. Wachache hulala chini kifudifudi. Wengine huwa wamekwisha kukimbia hatua ishirini kabla hawajajua wanakimbia nini, halafu hurudi polepole wakiona haya, wakijifanya walikuwa wanamfuata mteja. Wapo vijana wa kupakia mizigo wanaowacheka. Mimi siwacheki. Nilianza darasa la kwanza ugenini Kenya na huko huko nikamaliza kidato cha nne, kwa sababu wazazi wangu waliikimbia vita ya miaka ya themanini, na katika nyumba yetu hakuna mtoto aliyethubutu kufunga mlango kwa kishindo. Baba alikuwa akishtuka, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Makala haya yanawahusu watu hao, na yanahusu tiba moja yenye sura ya ajabu kidogo: mgonjwa anakaa kitini, anakumbuka lile jambo baya lililompata, na huku akilikumbuka anafuata kwa macho kidole cha mtaalamu kinachokwenda kushoto na kulia. Ukiisikia kwa mara ya kwanza utadhani ni mazingaombwe. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza kusoma kilichoandikwa juu yake.

Mwili usiosahau

Mtu aliyepatwa na jambo la kutisha, kama vile kushambuliwa kijijini, kubakwa, kuteswa kizuizini, kumwona nduguye akiuawa au kunusurika katika ajali ya basi, kwa kawaida hupatwa na msukosuko. Halali, analia, hana hamu ya chakula. Hilo si ugonjwa. Watu wengi hupata nafuu wenyewe baada ya wiki kadhaa, hasa wakiwa na jamaa, chakula na mahali salama pa kulala. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi kuna mtindo wa kumhesabu kila mkimbizi na kila aliyerudi kutoka ugenini kuwa mgonjwa wa akili. Si kweli, na si heshima.

Tatizo huja pale msukosuko unapokataa kuondoka. Mwezi unapita, mwaka unapita, hata miaka ishirini, na mtu bado anaona tukio lile kana kwamba linatokea sasa hivi. Jinamizi linamwamsha saa nane ya usiku akiwa ametota jasho. Harufu ya mpira unaoungua au sauti ya buti inamrudisha kule kule. Anaepuka njia fulani, watu fulani, hata lugha fulani. Anakasirika kwa jambo dogo, anawapiga watoto, au anakuwa kama jiwe, hacheki wala halii. Hali hii wataalamu wa Kiswahili huiita kiwewe, na kinapoganda hivyo kinahitaji tiba kama vile malaria inavyohitaji tiba.

Katika maeneo yetu hali hii ina majina mengine ya zamani. Waacholi husema aliyeua au aliyepita penye maiti anaweza kuandamwa na cen, yaani roho za waliouawa, na waliorudi kutoka msituni wakati wa vita vya kaskazini walikanyagishwa yai kabla ya kuingia nyumbani ili wasafishwe. Sisemi mila hizo ni upuuzi. Mtu anayepokelewa na ukoo wake hadharani amekwisha kupata sehemu ya dawa. Lakini wapo waliokanyaga yai, wakaombewa kanisani, wakasomewa dua msikitini, na usiku bado wanapiga mayowe.

Kidole kinafanya nini?

Tiba hii ya kusogeza macho hujulikana duniani kwa herufi EMDR. Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, aliyefariki mwaka 2019. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini, mawazo mabaya yakimsumbua, akagundua kuwa macho yake yalikuwa yakienda huku na huku upesi upesi na mawazo yale yalikuwa yakipoteza ukali. Akaanza kujaribu kwa wengine, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Wenzake wengi walimcheka. Leo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu magonjwa yatokanayo na matukio ya kutisha, limeitaja tiba hii miongoni mwa zile zinazofaa kwa watu wazima na watoto wenye kiwewe kilichoganda.

Ndugu msomaji, usidhani mtu anaketi tu na kuanza kuzungusha macho. Mwanzoni mtaalamu husikiliza historia yako, anapima kama una nguvu za kulikabili jambo lile sasa, na anakufundisha namna ya kujituliza: kupumua, au kuenda kwa mawazo mahali ambapo uliwahi kuwa na amani, iwe ni ukumbi wa nyumba ya bibi yako au ukingo wa ziwa. Hatua hii inaweza kuchukua siku moja, inaweza kuchukua wiki kadhaa kwa aliyeumia sana. Mtaalamu anayeiruka hana haraka ya kukuponya, ana haraka ya mambo yake.

Kisha mnachagua tukio moja, na ndani ya tukio hilo picha moja iliyo mbaya kuliko zote. Sema ni mlango unaovunjwa. Anakuuliza: ukiitazama picha hii, unajiambia nini juu yako mwenyewe? Wengi hujibu kwa maneno yanayofanana, kwamba ni kosa langu, ningeweza kuwaokoa, sifai kitu, bado niko hatarini. Anakuuliza ungependa kuamini nini badala yake. Anakuuliza uchungu uko kiasi gani kati ya sifuri na kumi, na unauhisi wapi mwilini. Mmoja atasema kifuani, mwingine kooni, mwingine kwenye magoti.

Sasa ndipo kidole kinapoanza. Unaishika ile picha akilini, na macho yanafuata mkono unaokwenda kulia na kushoto kwa muda wa nusu dakika hivi. Mkono unasimama. Unavuta pumzi. Mtaalamu anauliza neno dogo tu: umeona nini? Unasema kilichokuja, hata kama ni kitu cha ajabu, kama vile sufuria lililoachwa motoni siku ile. Hakupingi, hakuhubirii. Anasema endelea na hilo, na mkono unaanza tena. Raundi baada ya raundi, picha hubadilika. Mara nyingi hufifia, husogea mbali, au hufuatwa na sehemu ya hadithi iliyokuwa imesahauliwa, kwa mfano kwamba ulimbeba mdogo wako ukavuka naye mto. Namba ya uchungu inashuka. Ikifika sifuri au moja, mnalitia nguvu lile neno jipya, mnaukagua mwili kutoka utosini hadi nyayoni kuona kama bado kuna mahali pamekazwa, na kabla hujatoka mtaalamu anahakikisha umetulia. Safari inayofuata anaanza kwa kupima tena.

Kikao kimoja huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu. Mwenye tukio moja anaweza kumaliza kwa vikao vichache. Aliyeishi vitani miaka kumi atahitaji vingi zaidi. Asiyeona, au anayechoshwa na kusogeza macho, huguswa viganja kwa zamu kushoto na kulia, au husikilizishwa mlio sikio hili kisha lile.

Kwa nini isaidie? Hapa wataalamu hawajakubaliana, na ni vizuri msomaji ajue hivyo. Maelezo yenye ushahidi mzuri zaidi yanatokana na maabara, hasa za Uholanzi. Akili ina meza ndogo ya kazi, mfano wa kile kibanda cha mwuza nyanya: ukiweka vitu viwili vikubwa kwa wakati mmoja, kimojawapo hakienei. Unapoikumbuka picha mbaya huku macho yako yakifanya kazi, picha haipati nafasi ya kuwaka kwa nguvu zake zote, na inaporudishwa ghalani hurudi ikiwa imefifia kidogo. Wengine wanasema kidole si kitu, kinachoponya ni kule kulikabili jambo uliloliepuka siku zote ukiwa mikononi mwa mtu anayejua kazi yake. Uchambuzi mmoja wa tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2013, uliona kwamba kusogeza macho kunaongeza kitu. Ubishi haujaisha. Kwa mgonjwa aliyeanza kulala usiku kucha, nadhani ubishi huo unaweza kusubiri.

Imvepi na Nakivale walitangulia

Jambo ambalo wengi hapa hawalijui ni kwamba Uganda imo katika historia ya tiba za kiwewe duniani, si kwa kuwa na wagonjwa tu bali kwa kuonyesha njia. Katika kambi ya Imvepi, huko West Nile, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani walifanya kazi na wakimbizi 43 kutoka Sudan. Baadhi walipewa mafunzo tu juu ya kiwewe, baadhi ushauri nasaha wa kawaida, na baadhi tiba iliyo binamu wa hii ya macho, yaani tiba ya masimulizi. Ndani yake mgonjwa husimulia maisha yake tangu kuzaliwa kwa mpangilio, mema na mabaya, na mshauri anayaandika na kumsomea. Mara nyingi wanatandaza kamba chini, wanaweka ua penye furaha na jiwe penye msiba. Walipata vikao vinne tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: baada ya mwaka mmoja, waliobaki na kiwewe katika kundi la masimulizi walikuwa asilimia 29, ilhali katika makundi mengine mawili walikuwa karibu asilimia 80.

Halafu ikaja Nakivale, wilayani Isingiro. (Jina linafanana na Nakivubo, na nimewahi kumwona mgeni akishushwa pasipo pake kwa kosa hilo.) Huko walifanya jambo la ujasiri zaidi. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofunzwa kwa muda mfupi, kisha wakawatibu wenzao Wanyarwanda na Wasomali. Katika watu 277, matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya waliopewa tiba ya masimulizi hawakuwa tena na kiwewe, na asilimia 65 ya waliopewa ushauri wa kiwewe wa aina nyingine. Kwa wale ambao hali yao ilifuatiliwa tu bila tiba, ni asilimia 37. Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti mwingine wa aina hiyo juu ya vijana 85 wa kaskazini mwa Uganda waliowahi kutekwa na kutumikishwa kama askari watoto, na masimulizi yakashinda tena.

Kwangu mimi Nakivale ndiyo habari kubwa kuliko kidole cha Marekani. Inatuambia kwamba mtu wa kawaida mwenye moyo, akifunzwa na kusimamiwa vizuri, anaweza kumvusha mwenzake.

Tiba ya macho kwa vikundi nayo imekwisha kuonekana katika eneo letu. Mwaka 2015 iliandikwa ripoti juu ya wanawake wa Kongo waliobakwa waliotibiwa kwa kundi, na mwaka 2019 nyingine juu ya vijana wa Eritrea walio ukimbizini Ethiopia. Katika kundi hakuna kidole. Kila mtu anakunja mikono kifuani, kiganja kila upande, na kujigonga polepole kwa zamu kama mabawa ya kipepeo. Namna hiyo ilibuniwa Mexico, kwa ajili ya manusura wa kimbunga kilichopiga Acapulco mwaka 1997. Kila mmoja anachora au anawaza jambo lake, na halazimiki kulisema.

Usiyetaka kuyasema

Hapo ndipo tiba ya macho inapofaa kwa watu wa Nakivubo kuliko ile ya masimulizi. Huhitaji kusimulia kila kitu. Mama mmoja anayekuja kununua mchele hapa Shauriyako na kuupeleka ng'ambo ya mpaka aliniambia, tukiwa tumekalia magunia tukingoja mvua ipungue:

"Mwalimu, mimi nilishaenda kwa washauri. Wakaniambia nieleze. Nikieleza, mume wangu akasikia je? Na yule mkalimani ni mtu wa kwetu, tunauza soko moja."

"Na usiku, mama?"

"Usiku ninakaa tu. Nahesabu magunia."

Nilimwambia kuna tiba ambayo ungeweza kumwambia mtaalamu kwamba ni jambo lililotokea shambani, ukaishia hapo, na kazi ikaendelea. Alinitazama kama mtu anayetajiwa bei ya chini kupita kiasi. Sikumlaumu. Mkalimani aliyemwogopa ni kikwazo halisi, na kinawahusu wanaume waliobakwa vitani pengine kuliko hata wanawake, kwa sababu wao hawana hata neno la kuanzia.

Lugha yenyewe ni habari ndefu. Mimi Kiswahili nilikipata Kenya, kwenye ubao wa darasa na kwenye viwanja vya mpira, na kwangu ni lugha ya utoto na ya vicheko. Niliporudi nyumbani nikashangaa: ukimwamkia mzee wa Kampala kwa Kiswahili, wakati mwingine mabega yake yanapanda. Kwa kizazi chake hii ilikuwa lugha ya vizuizi barabarani, ya askari wanaosema toa kitambulisho, lala chini. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini amri haifuti kile ambacho masikio yanakumbuka. Kumbe kwa Mkongo wa Bunia ni lugha ya mama yake ikimwita kula. Mtaalamu yeyote wa kiwewe katika mji huu inampasa aulize kwanza: tuzungumze kwa lugha gani, na ni lugha gani hutaki kuisikia hapa?

Tahadhari

Wengi wanaojitibu wenyewe wanafanya hivyo kwa waragi au kwa vidonge vya usingizi vinavyouzwa madukani bila cheti cha daktari. Mwongozo ule ule wa mwaka 2013 unashauri kwamba dawa za kutuliza za jamii ya Valium zisitolewe kwa sababu ya msukosuko au kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Zinazoea mwili, na kiwewe kinabaki palepale. Shirika la Afya Duniani linapinga pia kumkalisha mtu mara moja tu baada ya balaa na kumshurutisha amwage yote. Baada ya moto wa Owino mwaka 2009, au usiku wa Februari 2017 vibanda vya Park Yard vilipobomolewa na watu wakakuta mitaji yao kifusi, walichohitaji kwanza ni chakula, watoto kuwa salama, na mtu wa kukaa nao bila maswali mengi.

Usijaribu tiba ya macho nyumbani kwa kutazama video, wala usimpe nafasi kila anayedai kuijua. Kumbukumbu ikifunguliwa bila mtu wa kuifunga, mgonjwa anaweza kuzimia, kupotelewa na mahali alipo, au kwenda kujidhuru. Mwenye kifafa, mwenye mimba, anayesikia sauti, au anayewaza kujiua aseme kabla ya chochote. Na muulize mtaalamu bila aibu: ulifunzwa wapi, nani anakusimamia, umewatibu wangapi? Fundi wa cherehani tunamwuliza hayo.

Wa kuanzia

Kwa aliye Kampala, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ni Butabika, mashariki mwa jiji karibu na Luzira. Imekuwepo tangu 1955, na jina lake linatumika mitaani kama tusi, jambo linalowazuia wengi kwenda. Kwenda kliniki ya nje si kulazwa. Walioteswa wana kituo chao, ACTV, kilichoanzishwa mwaka 1993, na shirika la TPO Uganda limefanya kazi hii tangu miaka hiyo hiyo ya tisini. Kwa aliye upande wa Bukavu, hospitali ya Panzi ya Dakta Denis Mukwege, aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 2018, inajulikana kwa kuwahudumia waliobakwa mwili na moyo pamoja. Huenda usimkute mtu wa tiba ya macho siku utakapofika. Uliza kama wanatibu kiwewe hasa, kwa masimulizi au kwa njia nyingine iliyothibitishwa, au kama wanakupa ushauri na vidonge tu.

Kwa wanaovuka Mpondwe, Elegu au Busia kila wiki, swali ni la ratiba. Vikao vya kila Jumanne kwa miezi miwili haviwezekani kwa mtu ambaye Jumanne hii yuko Kampala na ijayo yuko Beni. Mwambieni mtaalamu hivyo siku ya kwanza kabisa. Vikao vinaweza kusogezwa vikawa siku mbili tatu mfululizo mzigo unapofungwa, mradi uchungu uliofunguliwa leo usiachwe wazi hadi safari ijayo, na mradi usiku wa kikao usiwe ndio usiku wa kupanda basi.